Maji Chini ya Sakafu ya Mashua

Baada ya chai ya saa nne, Thuranira alirudi ndani ya mashua yake, akapiga magoti na kuendelea kukwangua ukungu kwa kisu cha kupakia siagi. Kisu kilikuwa cha mkewe na hakikurudi jikoni tena. Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya tanga moja, yenye chumba kimoja ambacho mtu huingia kwa kuinama. Ilikaa juu ya mawe ya kujengea katikati ya mibuni, huku Githongo, ambako hakuna bahari wala ziwa na bata huoga kwenye karai.

Aliipata kwenye mnada Naivasha. Lori lililoileta lilipofika Makutano, vijana wa steji waliinua nyaya kwa fito ili lipite, na tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita mwalimu mkuu mstaafu, wakaanza kumwita Kapteni. Alilipenda jina hilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa kabla hata hajapanda mnazi.

Ndani mlikuwa mnanuka. Tusipambe maneno: mlinuka mkojo wa panya, dizeli iliyooza na godoro la watu waliolala bila kuoga. Bitana ya kuta ilikuwa imevimba na kufanya malengelenge, na ukiyabonyeza yalitoa usaha wa kijivu. Mtu mwenye akili zake angeichoma. Thuranira alinunua msasa.

Alijifunza kazi kwenye simu, kwa video za wazee wenye ndevu ndefu wanaotengeneza mashua zao wenyewe. Alibandua bitana yote, akapima kuta kwa makatoni ya sabuni, akakata plaiwudi kwa kufuata makatoni hayo. Alinunua sponji mpya Kinoru akashona mito ya kulalia. Akatia sinki dogo la kupiga pampu kwa mguu, jiko la gesi la kichwa kimoja, meza ya kukunja, na rafu yenye ukingo ili vikombe visianguke wakati wa mawimbi. Wakati huo dirisha la jikoni kwa mkewe lilikuwa limezibwa kwa kipande cha gunia, na lilikuwa limezibwa hivyo tangu binti yao Caroline akiwa darasa la kwanza. Caroline sasa yuko chuoni Embu.

Mke wake, Kagwiria, ana duka la mbegu pale sokoni. Hakuwa na ugomvi na mashua. Mume mstaafu akikosa cha kushika hushika mabaya zaidi, hilo wanawake wote wa Githongo wanalijua. Ugomvi wake ulikuwa bwawa.

Maana mashua hutaka maji ya kuelea, na Thuranira alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji. Mradi huo hautoki serikalini. Watu waliuchimba kwa mikono kutoka msituni hadi chini kabisa bondeni, kila nyumba ikipimiwa kipande chake cha mtaro kwa fito, na asiyechimba hapewi bomba. Walioumia zaidi ni watu wa laini ya chini, kwa sababu huko ardhi ni mawe matupu. Mama yake Kagwiria, mzee Ciakuthii, alichimba kipande chake, kisha akachimba na cha jirani aliyekuwa amejifungua. Viganja vyake havikunyooka tena baada ya hapo.

Ilipoanza kiangazi, Thuranira alichimba bwawa kwenye shamba lake la chini, akalitandika karatasi nyeusi, akafunga koki kubwa ya laini ya chini na kuyageuza maji yaingie bwawani. Alipanga wageni kutoka Nairobi waje kulala ndani ya mashua na kupiga picha. Kwa wanachama alituma ujumbe mfupi: laini ya chini iko kwenye matengenezo, tuwe na subira. Spana ya koki aliiweka chumbani, chini ya kitanda, upande wake.

Watu wa chini wakarudi kuchota mtoni. Mto huo unapita kwanza kwenye kiwanda cha kahawa, na kiwanda humwaga humo maji ya kuoshea kahawa, yenye maganda na ute. Asiyewahi kuyanusa hayo maji ashukuru Mungu wake. Ni uchachu wa matapishi ya jana, na yakikugusa mkononi, mkono huteleza hadi kesho yake.

Mashua ilianza kujaa maji siku chache baadaye. Haikuwa imegusa bwawa. Ilikuwa bado juu ya mawe, jua likiwaka, paa likiwa kavu. Thuranira aliinua ubao wa sakafu atie vanishi upande wa chini, akakuta maji yametulia kwenye sehemu ile ya chini kabisa ambayo watu wa pwani huiita ngama. Yalikuwa ya kahawia, na juu yake kulikuwa na maganda ya kahawa na utando unaong'aa. Ruba mmoja alikuwa amejibandika kwenye skrubu mpya ya shaba.

Alimwita Kobia, mtu wa mradi anayefungua na kufunga koki. Kobia aliinama, akanusa, akatema mate nje.

"Hii si mvua, Mwenyekiti," alisema. "Hii ni ile maji ya chini ya kiwanda. Ile wanakunywa laini ya chini."

"Imeingiaje?"

"Imeingia tu."

Thuranira alifikiri kidogo. "Silikoni nyeupe na ile nyeusi, gani inashika zaidi?"

"Nyeusi," alisema Kobia.

Alitia nyeusi. Alikwangua kila kiungo, akakikausha kwa kitambaa, akakijaza. Maji yalipanda vile vile. Akaweka faibaglasi tabaka juu ya tabaka, macho yakamtoka machozi kwa harufu ya dawa, na maji yakapanda juu ya faibaglasi. Kila asubuhi yalikuwa na kiasi kile kile kilichonywewa bondeni siku iliyotangulia. Jumatatu yalipungua kwa sababu watu wa kule hawapendi kuchota maji siku ya Bwana. Kukiwa na harusi huko chini yaliongezeka mpaka yakalowesha mito ya sponji, na mito ikaanza kukamuka ute. Plaiwudi mpya ilijikunja pembeni. Vanishi ilitoka kwa vipande, vikashikamana na soksi za mwenyewe. Alikula humo mchana, mkate na yai, miguu yake ikiwa ndani ya buti za mpira.

Kagwiria alipompelekea chai alisimama mlangoni akayanusa yale maji muda mrefu. Chini ya uchachu kulikuwa na harufu ya moshi wa mibuni mikavu, na harufu hiyo aliijua tangu akiwa mtoto. Ilikuwa ya jiko la mama yake. Ciakuthii alikuwa akiyachemsha maji kabla ya kuyanywa.

"Baba Caro, mama yangu anakunywa hii uchafu," alisema. "Fungua koki."

"Bwawa limefika nusu tu. Ukishayavulia maji nguo, lazima uyaoge."

"Wanaooga ni wengine."

"Wacha chai hapo kwa rafu," alisema Thuranira. "Lakini angalia, hapo nimepaka leo."

Kagwiria alianza kumpelekea mama yake mitungi ya maji safi, kila alipoweza kufunga duka. Mtungi mmoja kwa mteremko ule ni kazi ya punda, na maji ya mtungi huisha. Akaenda kwa kamati. Kamati ilikuwa ikikutana ndani ya mashua, kwa sababu mwenyekiti alitaka waone meza ya kukunja. Walikaa kwenye mito wamekunja miguu juu, kama kuku wakati wa mafuriko, vikombe mkononi, maji ya kahawia yakipitapita chini yao. Kagwiria aliyachota kwa kikombe akayazungusha puani mwa kila mmoja.

"Inuseni. Hii ndiyo mumewapa watu wenu. Wale walichimba mtaro na nyinyi."

Wanakamati walinusa. Mmoja alisema ni kweli, maji haya si mazuri. Mwingine alisema hayo ni mambo ya nyumbani, Mama Caro angemweleza tu Baba Caro usiku, maana huko ndiko kunapitishwa mambo makubwa. Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa amekubali. Kisha mweka hazina akauliza kama meza hiyo inaweza kubeba sahani za watu wanne.

Kagwiria aliona kwamba akisubiri watu hawa atasubiri na kaburi. Siku mumewe alipokwenda Makutano kununua bawaba, alitoa spana chini ya kitanda, akashuka hadi kwenye koki kubwa, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka akasikia bomba likikohoa. Bondeni wanawake walipiga vigelegele. Asubuhi iliyofuata ngama ya mashua ilikuwa kavu kabisa, na ruba alikuwa amekauka kwenye skrubu yake.

Thuranira alifurahi mpaka akapigia watu simu. "Silikoni imeshika," aliwaambia. "Siri ni kukausha kiungo kwanza." Akapaka vanishi sakafu yote na kukaa nje akiitazama.

"Si silikoni," alisema Kagwiria. "Nimefungua koki jana. Watu wamekunywa maji masafi, na mashua yako imekauka. Umeona mwenyewe."

Thuranira aliitazama sakafu iliyong'aa, kisha akalitazama bwawa, ambalo lilikuwa limeacha kupanda. Hakumpigia mkewe kelele. Tangu waoane hajawahi kumpigia kelele, na watu humsifu kwa hilo.

"Sasa nimeelewa," alisema.

Alimtuma Kobia afunge koki, ajenge kisanduku cha saruji juu yake na kutia kufuli. Jioni hiyo hiyo akaagiza pampu ndogo ya umeme, aina ya kutoa maji chini ya sakafu ya mashua. Kwenye video zake alikuwa ameona kwamba kila mashua duniani ina maji kidogo ndani na wenyewe huyatoa kwa pampu. Aliifunga vizuri, waya kwa waya, na mpira wake akauelekeza mteremkoni, ukayarudisha yale maji mtoni yalikotoka. Pampu ilinguruma kwa chini mchana kutwa. Waliokuja kuitazama mashua waliisifu kuwa haina kelele.

Halafu maji yakaja bila harufu ya moshi.

Kagwiria aliyanusa mara mbili. Uchachu ulikuwepo, maganda yalikuwepo, ila moshi haukuwepo. Aliacha duka wazi akashuka. Alimkuta Ciakuthii amelala kitandani na nguo za kutwa, midomo imepasuka, karai limewekwa sakafuni kando ya kichwa. Alikuwa amekosa nguvu za kutafuta kuni.

"Nimekunywa tu hivyo," alisema mzee. "Kiu haingoji moto."

Walimbeba hadi hospitali. Ilikuwa homa ya matumbo, na ilikuwa imekwishakula mahali ambapo dawa haifiki kwa haraka. Alice, jirani yule aliyechimbiwa kipande chake cha mtaro, alikaa naye mchana, Kagwiria usiku. Ciakuthii alikufa akiuliza kama matengenezo yamekwisha.

Thuranira alijitokeza kwenye msiba kama mkwe anavyotakiwa. Alileta mbuzi. Jeneza lilipoletwa likiwa la mbao tupu, alilipaka mwenyewe vanishi iliyobaki ya mashua, tabaka mbili, akatia skrubu za shaba. Lilipendeza, na inachukiza kusema hivyo. Kaburini alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu alikuwa mama wa maji, kwamba mtaro wa laini ya chini ni jasho lake, na kwamba mradi hautamsahau. Watu wa laini ya juu walipiga makofi. Watu wa chini walikuwa wamesimama nyuma, wengi wao wakijishika tumbo.

Wiki ya mazishi haijaisha, alipofungua kilango cha mashua ili apime pazia, alimkuta Ciakuthii ameketi ndani. Alikuwa juu ya mto wa sponji, na kitambaa chake cha kanisani kichwani, miguu ndani ya maji. Viganja vyake vilivyokunjika vilikuwa magotini.

Thuranira alifunga kilango upesi. Hakuogopa. Ila kwa watu wetu mkwe haingii mahali mama mkwe anapolala, hamwoni akila, na wakikutana njiani humpisha. Uthoni, ile heshima ya ukwe, ni kitu kizito, na huyu bwana alikuwa amelelewa. Alirudi nyuma, akakohoa ili asikike, akainamisha kichwa.

"Muga, Mama," alisalimu kutoka nje.

"Muga," alijibu Ciakuthii kutoka ndani. "Fungua maji."

"Nimesikia, Mama. Nitapeleka kwa kamati."

Jioni hiyo alimweleza mkewe kwamba mama yuko mashuani. Kagwiria alivaa viatu akaenda. Alikaa na mama yake mpaka giza likaingia, wakazungumza juu ya mbuzi ambaye mzee alimwacha bondeni na ni nani atamchukua. Aliporudi, mumewe alikuwa mezani na penseli na katoni la sabuni.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema ufungue maji."

"Hilo ameniambia. Nauliza kama amesema anapendelea upande wa mbele au wa nyuma. Nataka kumwekea ukuta."

Kagwiria alimtazama mtu huyo aliyezaa naye. Akatoka nje akatapika kwenye migomba.

Kazi ya ukuta ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikata plaiwudi bora, ile ya kuvumilia maji, akaifuatisha na mkunjo wa mbavu za mashua bila kuacha nafasi ya kupitisha hata karatasi. Kwa kuwa hakuweza kuingia mama mkwe akiwepo, alimwomba Kagwiria amtoe nje kila asubuhi akaote jua, naye akafanya kazi macho yakiwa chini. Upande wa Ciakuthii alitia mto mpya, kulabu ya kutundika kitambaa, na mlango wake mwenyewe ili wasikutane. Upande wa pili ukabaki wake, na meza na jiko. Akafunga pampu ya pili, kwa sababu tangu mzee aje maji yalipanda haraka zaidi.

Habari zilienea hadi Kinoru, na kila aliyesikia alimsifu. Walisema siku hizi wakwe hawana adabu, mtu anakaa na mama mkwe sebuleni wakitazama televisheni, lakini Kapteni amemjengea wake chumba, tena akiwa amekufa. Mchungaji alimtaja kanisani kama mfano kwa vijana. Kobia peke yake alisema kwamba ingekuwa rahisi kufungua koki. Aliambiwa kama amechoka na kazi wapo wengine, naye ana watoto, akanyamaza.

Ciakuthii hakunyamaza. Kila jioni, salamu zikishapita, alisema neno lake lile moja kupitia ukutani, bila hasira. Thuranira alimjibu kwa heshima kila jioni. Kwenye mkutano wa kamati alilisoma kweli, kama ajenda ya mwisho, na muda ukawa umekwisha.

Bwawa lilijaa mwanzo wa mvua. Siku ya kuishusha mashua watu walifika wengi, wageni wa Nairobi wakiwa na kamera zao. Mchungaji aliomba, wanaume wakaiviringisha juu ya magogo, ikaingia majini na kuelea. Tanga lilipandishwa ingawa hakukuwa na upepo wala mahali pa kwenda, maana bwawa ni la kupigia jiwe likavuka. Wakala nyama na mukimo. Bondeni, Alice alikuwa akipanda barabara na mtoto mgonjwa mgongoni, akielekea zahanati, na watu wa karibu na ua walimpungia mkono.

Kagwiria alishuka kwa mlango wa mama yake. Mashua iliyumba kidogo. Ciakuthii alikuwa ameketi mahali pake, maji yakimfika katikati ya miguu, na nje ya kidirisha chake kulikuwa na maji mengine, safi, yanayoonyesha karatasi nyeusi hadi chini.

"Nina kiu," alisema Ciakuthii.

Kagwiria alitoka, akajaza glasi kwenye bomba la nyumbani, akairudisha kwa uangalifu bila kumwaga tone. Maji yalikuwa meupe. Mama yake alipoishika glasi yaligeuka ya kahawia, maganda mawili yakapanda juu na ute ukajivuta ukingoni. Kagwiria aliyamwaga nje. Akaosha glasi kwa sabuni, akaleta mengine, yakawa vile vile. Alitaka kwenda mara ya tatu.

"Kaa chini, Kagwiria," alisema mama yake. "Lete tu hiyo glasi. Mimi nimeshayazoea."

Akayanywa taratibu, yote, akitoa ganda kwenye ulimi kwa kidole na kulipangusa kwenye kitambaa. Upande wa pili wa ukuta Thuranira alikuwa akiwakatia wageni nyama. Aliwasikia, akasikia na koo la mzee likimeza, funda baada ya funda, maana plaiwudi huwa haizuii sauti. Si adabu mkwe kumsikia mama mkwe akinywa. Aliweka kisu chini, akageuza uso, akaongeza sauti ya redio.